Mpira Mmoja, Watu Wawili

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya vita, hapa hapa Likoni, jua la saa tisa likiniwakia utosini, nami nimesimama katika majani yaliyonifika magotini nikiutazama mpira mdogo mweupe ambao haukuwa wangu peke yangu. Mwanangu, nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo. Nimeoa, nimezika, nimejenga, nimeugua nikapona. Lakini nikiulizwa ni lini nilipomkosea mtu vibaya zaidi, jibu langu ni ile Jumapili na mwezi uliofuata. Najua utacheka kusikia kwamba kosa kubwa la mzee wako lilianzia katika mchezo wa Wazungu. Cheka, kisha ukae unisikilize.

Wakati huo, upande wa kuelekea Mtongwe, Wazungu walikuwa na uwanja wao wa gofu wenye mashimo tisa. Usiutafute, haupo tena. Kama hujapata kuuona mchezo wenyewe, ni huu tu: unaupiga mpira kwa kigongo mpaka uingie katika kishimo kilicho mbali, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Katikati ya uwanja majani hukatwa yakawa mafupi kama zulia. Pembeni huachwa yakue, ili mpira uliokwenda upogo upate adabu yake. Huko pembeni sisi wafanyakazi tulikuita mwituni.

Mimi nilikuwa kibarua wa kukata majani. Asubuhi nilishika fyekeo, jioni niliwabebea wachezaji mifuko yao ya vigongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina mabega, na mkono wangu ulijulikana. Kipande ambacho wenzangu wawili walikifyeka toka asubuhi hadi adhuhuri, mimi nilikimaliza peke yangu kabla chai haijapoa. Haya, naongeza chumvi, lakini si nyingi. Wakanipa jina la Fyeka, na wallahi nililipenda jina hilo kuliko jina alilonipa baba yangu, ambalo ni Sudi.

Vita vilipopamba moto, mipira ikaadimika. Meli zilileta askari na nyama ya makopo. Mipira ya gofu hazikuleta. Mpira ukipotea mwituni tuliutafuta watu sita, bila viatu, tukipapasa ardhi kwa vidole vya miguu hatua kwa hatua, kwa maana mguu mtupu huhisi kitu ambacho jicho limekipita. Ukipasuka ulipakwa rangi ukarudishwa kazini. Kwa sababu hiyo, siku ile moja kwa mwaka ambapo sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kushindana wenyewe kwa wenyewe, sharti lilikuwa watu wawili mpira mmoja. Mimi napiga, mwenzangu anapiga, mimi tena, yeye tena, mpaka uingie. Ukiharibu, mwenzio ndiye anayekwenda kusimama pale ulipoharibu.

Mwenzangu alikuwa Karisa. Alikuwa Mkristo wa Ribe, mtu mrefu, mpole, aliyefikiri kabla ya kuitikia hata salamu. Likoni hakuwa na kwao. Alilala jikoni kwa binamu yake, akiamka kabla moto haujawashwa ili asimpe shida mwenye nyumba. Mkewe, Kadzo, alikuwa Ribe kwa mama yake Karisa, ana mimba ya kwanza. Karisa alimwona kila baada ya miezi miwili, siku moja tu, kisha anageuza.

Mwaka huo bwana katibu wa uwanja, Mzungu mmoja mnyamavu, alitangaza jambo ambalo halijapata kutangazwa. Washindi wawili wangeandikwa kazi ya mwezi, waache ukibarua, na kila mmoja apewe chumba katika safu ya vyumba vilivyokuwa nyuma ya ghala. Sasa nitakwambia ukweli wangu. Mimi chumba sikukihitaji. Nyumbani Mtongwe tulikuwa na shamba na minazi, na mama yangu alipika vizuri kuliko mke yeyote ambaye ningempata haraka. Kwangu kuandikwa kazi ya mwezi ilikuwa sifa tu. Lakini Karisa aliniambia siku moja tukitafuna mihogo, "Sudi, nikipata chumba kile, nitamleta Kadzo ajifungue hapa, niwe nao." Hakusema zaidi, na wala hakurudia. Nilijua basi kilichokuwa kikishindaniwa na kilikuwa cha nani.

Tulicheza vizuri, mwanangu. Karisa alikuwa na mkono wa taratibu, mimi nilikuwa na nguvu, na mmoja alimfaa mwenzake. Jozi nyingine zilidondoka mapema. Tukabaki sisi na ndugu wawili wa kijiji cha Shika Adabu, vijana hodari ambao walibeba mifuko tangu utotoni. Tulipomaliza shimo la nane tulikuwa mbele yao kwa mapigo mawili. Limebaki shimo moja.

Wao wakapiga kwanza, mpira ukaanguka katikati, salama. Zamu ya kuanza upande wetu ilikuwa ya Karisa. Akaupiga vizuri, lakini upepo wa kusi ulikuwa umeamka, ukauchukua mpira ukausukuma kulia, kulia, hadi mwituni. Tuliuona ulipoingia. Watu wakaguna. Siku hiyo pembeni palijaa watu: vibarua wenzetu, wauza maji, na vijana wa Likoni waliokuja kutazama tu.

Tulipoufikia, mpira haukuwa umekaa vibaya sana. Ulikuwa umening'inia juu kidogo ya shina, majani yameuzunguka, lakini juu ulionekana wote. Upande wa kushoto, hatua kumi tu, palikuwa na majani yaliyokatwa. Mbele, kule mbali, palikuwa na duara la mchanga uliotiwa mafuta usipeperuke, ambamo ndimo kilimokuwa kishimo, na kati yetu na duara lile kulikuwa na mwitu mtupu.

Karisa aliinama akautazama, akainuka. Akanong'ona, "Nisamehe, yakhe, nimekutia taabuni. Utoe tu. Utoe hapo pembeni, nitaufikisha mimi."

Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Mimi nautoa, yeye anaufikisha kwenye duara, kisha mapigo mawili ya kumalizia. Jumla matano. Wale ndugu hata wangefanya maajabu wakamaliza kwa manne, bado sisi tungewashinda kwa pigo moja. Nililijua hilo. Niliposimama pale nililijua, usije ukadhani sikulijua.

Lakini mtu mmoja katika wale watazamaji akapiga kelele, "Fyeka!" Mwingine akapokea, "Fyeka! Fyeka!" Wakaanza kupiga makofi kwa pamoja. Mwanangu, damu ikanipanda. Nikasema moyoni, majani haya ni nani mbele yangu? Mimi ndimi niliyeyafyeka miaka mitatu. Nikaacha kigongo cha chuma namba tisa, kile kifupi chenye uso mpana, ambacho ndicho cha kazi ile. Nikachomoa chuma namba tatu, kirefu, cha kupeleka mbali. Karisa akakitazama chuma kile, akasogea kando kunipisha.

Nikapiga vile nilivyojua kupiga majani: kwa mzunguko mpana, chini chini, kutoka bega la kulia, kwa nguvu zangu zote. Kama ningekuwa na fyekeo, pigo hilo lingekata majani yale kama si kitu. Ila kigongo hakina makali. Majani yalikishika shingoni yakakisokota, uso wake ukageuka ukatazama chini, nao mpira ukasogea kiasi cha dhiraa moja ukazama mashinani, mahali pabaya kuliko pa kwanza. Nilisikia kicheko kimoja.

Ikawa zamu ya Karisa, naye sasa ndiye wa kusimama pale nilipoharibu. Akachukua kile chuma kifupi, akajaribu kuutoa pembeni kama alivyoniomba mimi. Lakini mpira ulikuwa umekaa mashinani kabisa. Ukasogea shubiri. Zamu yangu tena. Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa na nafasi ya kuwa na akili, nami sikuitumia. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kulirudisha lile pigo la kwanza, na aibu yake, na kile kicheko, vyote kwa mara moja. Nikakamata kile kile chuma kirefu, nikafyeka tena. Majani yaliruka mengi sana. Mpira ukabaki pale pale.

Karisa ndiye aliyeutoa, kwa pigo fupi la kwenda kando. Nikaufikisha duarani. Tulimaliza kwa mapigo manane, na wale ndugu wakamaliza kwa matano. Tulikuwa mbele kwa mawili, wakatupita kwa moja.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliupangusa mpira kwa upindo wa shati lake, taratibu, upande huu na upande huu, akaenda akaurudisha kwa bwana katibu. Akawapa mikono wale ndugu. Kisha akaniambia, "Haya, Sudi, kesho tukijaaliwa," akaondoka kuelekea kwa binamu yake.

Asubuhi yake niliitwa na Mzee Hamadi, nyapara wetu wa majani. Alikuwa Mdigo wa papo hapo Likoni, kikongwe mkavu, aliyeanza kazi pale tangu uwanja ukiwa kichaka. Nilimkuta mwituni, pale pale, ana kile chuma namba tisa na mpira mbovu uliopasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu upige huu utoke."

Nikapiga. Haukutoka. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia nyumbani.

"Wewe wafyeka," akasema. "Fyekeo latafuta majani. Hapa kitafutwacho ni mpira."

Akanisimamisha upya kwa mikono yake. Mpira niuweke karibu na mguu wa kulia, uzito niuegemeze mguu wa kushoto. Mkono wa kushoto ukaze, kwa sababu majani hukishika kigongo shingoni na kukigeuza, na mkono huo ndio unaokizuia. Mikono iinuke juu moja kwa moja, ishuke moja kwa moja, nyuma tu ya mpira, wala nisijaribu kuuchota. Na macho yasiende kule kwenye kishimo hata kidogo. Niangalie pale palipokatwa, hatua kumi pembeni, basi. Nikafanya alivyosema. Mpira ukachupa kama chura, ukaenda zake hatua kumi na mbili, ukakaa mahali peupe. Halikuwa pigo la kupendeza. Hakuna mtu ambaye angelipigia makofi.

Alinipigisha hivyo mara nyingi, mpaka umande ukakauka. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nambie, jana Karisa alikwambiaje mbele ya mpira?"

"Aliniambia niutoe tu."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mzee."

"Basi leo nimekupotezea wakati wako kukufundisha, maana ubaya haukuwa wa mkono. Ulimsikia mwenzio, ukenda ukatafuta makofi kwa mpira wake." Akainuka kwenye ndoo. "Nenda kamtake radhi. Leo."

"Naam, mzee," nikasema.

Sikwenda. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi niliowasimulia hawaipendi, kwa sababu wangetaka hadithi iishie kwa Mzee Hamadi na mafunzo yake. Sikwenda, na sababu yangu niliiona nzuri. Nilisema neno la radhi litamfaa nini Karisa? Anataka chumba, nitamwendea na maneno? Nikapanga kumwendea na jambo kubwa mkononi. Nitazungumza na bwana katibu amwonee huruma. Nitazungumza na mjomba wangu aliyefanya kazi bandarini, amtafutie nafasi. Mwakani nitashinda, na zawadi yangu nitampa yeye. Kila siku nilikuwa na mpango mpya, mkubwa kuliko wa jana. Bwana katibu hakunisikiliza hata dakika moja. Mjomba aliniambia nisubiri. Na kila siku mimi na Karisa tulikata majani bega kwa bega, tukaulizana hali, tukala mihogo yetu, na neno lile sikulitoa.

Mwezi ukapita namna hiyo. Asubuhi moja hakuja kazini. Binamu yake ndiye aliyetuambia kwamba amejiandikisha jeshini, kikosi cha wapagazi, kwa kuwa huko mke hupelekewa posho nyumbani. Walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye lori alfajiri. Nilikimbia hadi kivukoni na fyekeo langu mkononi. Sikumkuta.

Alikaa huko miaka minne. Siku ya kwanza niliinua mikono nikamwomba Mungu amrudishe. Baadaye, nakiri, zikapita siku nikamsahau. Uwanja ukafungwa kwa muda wanajeshi walipouchukua, nikaenda zangu kulima. Vita vilipokwisha, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, nikasikia kwamba Karisa yuko Ribe.

Nilikwenda. Nilivuka maji, nikapata lori la kunifikisha Mazeras, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta uani akitengeneza mlango, amekonda, nywele zake zimeanza mvi kabla ya wakati. Kadzo alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Palikuwa na mtoto wa kike mwenye umri wa kama miaka minne, amejibanza nyuma ya leso ya mama yake. Karisa alipoomba maji, mtoto akamwambia mama yake, kwa sauti ya watoto wadhaniao wananong'ona, "Mama, yule mgeni ana kiu." Karisa alikuwa amekwisha kukaa nyumbani wiki tatu. Kadzo akainamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Sikungoja tena. Nilisema pale pale, mbele ya mkewe, "Karisa, ile Jumapili ulinambia niutoe tu, nami nilikusikia. Nilitaka sifa. Nimekukosea. Niwie radhi."

Aliweka nyundo chini. Alifikiri, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Ule mpira niliusahau kabla hata hatujapanda meli. Upepo ni mimi niliyeshindwa nao kwanza. Lakini Sudi, mwezi mzima tulikata majani pamoja. Kila siku nilisema leo atasema. Siku ya mwisho nilikungoja mpaka jua likazama, nikajua huyu hasemi. Neno lenyewe ni hilo tu? Ungelinipa nikaenda nalo."

Akaniitia chakula, tukala. Tulipatana, na tukabaki marafiki mpaka nilipomzika. Binti yake alimzoea, na baada ya hapo hakumwacha mkono. Lakini ile miaka minne sikuweza kumrudishia, na ule mwezi wa kungoja ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu ule haukuletwa na upepo wala majani wala watu wa kupiga makofi.

Basi nakuambia, mwanangu, nawe uchukue ukitaka. Utaingia mwituni. Utamjibu mkeo vibaya, utamdanganya mkubwa wako, utamwaibisha mdogo wako mbele za watu. Ukishaingia, usitazame kule mbali ulikotaka kufika. Tazama mahali palipo wazi karibu nawe, hata pakiwa pembeni, hata pakiwa nyuma, utokee hapo. Lile pigo lililopotea liache lipotee. Ukilifukuza utapoteza jingine. Watakaokushangilia wakati huo hawatakuwa na wewe jioni. Na kama jambo ni la watu wawili, ndoa, biashara, kazi, msikilize anayesimama karibu nawe kuliko wote wanaopiga kelele kwa mbali, maana yeye ndiye atakayesimama pale utakapoharibu.

Na ukimkosea mtu, usingoje kuwa na kitu kikubwa cha kumpelekea. Mwendee na neno, fupi, bila kulipamba, siku ile ile, kabla hajaenda mahali ambapo miguu yako haifiki. Najua kuna mtu unayemfikiria sasa hivi unaponisikiliza. Sitakuuliza ni nani. Inuka uende.

Mwenyezi Mungu akutangulie huko uendako, akulainishie ulimi wako na moyo wa huyo unayemwendea, akujaalie umkute nyumbani. Amina.